Ndugu Yangu Asicheke

Ndugu yangu mkubwa akicheka sana, anaanguka. Sisemi anajitupa chini kama watu wanavyofanya wakifurahi. Taya inalegea kwanza, maneno yanakuwa uji mdomoni, kichwa kinainama kama cha mtu anayesinzia kanisani, halafu magoti yanakubali na mwili wote unashuka. Hazimii. Macho yanabaki wazi kidogo na anasikia kila kitu, lakini hawezi kuinua hata kidole. Baada ya dakika moja, au chini ya hapo, anarudi, anajipangusa na kuuliza kama chai ipo.

Nimeandika hayo kwanza kwa sababu nilijaribu kuanzia mahali pengine mara nne na kila mara nikachana karatasi. Mimi si mtu wa kuandika. Nilitoka shule darasa la nane, na hii kaunta buku niliinunua ya kuandika siku za mvua na siku ng'ombe alipandishwa. Kwa hivyo nikikosea mahali, si kwa kudanganya. Kitu sikuona kwa macho yangu nitasema sikuona.

Tulilelewa Elburgon, upande wa juu, karibu na msitu, kule baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwa meno. Jirani yetu mmoja, fundi wa magari, ndiye pekee alikuwa na televisheni, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ameiunganisha na betri ya lori. Jumamosi asubuhi alikuwa akifungua dirisha, na sisi watoto tunasimama nje katikati ya njegere zake tukitazama katuni. Alitukataza kitu kimoja tu, kukanyaga njegere, na tulizikanyaga kila Jumamosi.

Zilikuwa katuni fupi, za dakika chache, na wale wanyama hawakuwa wakiongea. Ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya dubu mnene aliyetaka kulala na bata mmoja aliyemkatalia. Wakati huo hatukujua ni dubu, tulimwita mbwa wa msitu. Anatoka nje kwa hasira, anakanyaga reki iliyolala kwenye nyasi, mpini unainuka unampiga puani. Anageuka aone ni nani amempiga, anakanyaga reki ya pili. Anamfukuza bata mpaka anapita ukingo wa mwamba na kuendelea kutembea hewani, vizuri kabisa, mpaka pale anapoangalia chini. Anaanguka, anakuwa bapa kama chapati. Halafu anaamka.

Wenzangu walikuwa wakingojea aanguke. Mimi nilikuwa nangojea aamke. Kwa sababu kando yangu, ndani ya njegere, ndugu yangu naye alikuwa ameshalala chini, mdomo wazi, na nilikuwa nikiangalia dubu kwa jicho moja na yeye kwa jicho lingine nione ni nani atatangulia kusimama.

Watoto walidhani anaigiza. "Cheki huyu! Anaanguka kuliko hata ile kitu ya TV!" Wakampigia makofi. Alikuwa na miaka kama kumi, mimi nane. Yeye hakuwahi kuwakatalia. Nadhani aliona ni heri kuitwa bingwa wa kuanguka kuliko kuulizwa ana nini.

Sasa niseme lile la kwangu. Mimi ndiye nilikuwa mchekeshaji wa nyumba. Nilijua kutembea kama yule dubu, tumbo mbele, mikono ikining'inia. Nilijua kukanyaga reki ambayo haipo na kurudi nyuma kama nimepigwa kweli. Tukitoka kwa jirani nilikuwa nikirudia katuni yote njiani, na ndugu yangu alikuwa akianguka mara mbili tatu kabla hatujafika nyumbani. Nilipenda. Mtoto mdogo hana nguvu juu ya kaka yake mkubwa kwa kitu chochote, na mimi nilikuwa naweza kumwangusha bila kumgusa.

Mama alisema, "Wewe endelea tu. Siku moja utamchekesha karibu na moto."

Ilikuwa uji, si moto. Alikuwa amebeba sufuria kutoka jikoni, mimi nikaja nyuma yake na ile miguu ya dubu. Nilisikia sufuria kabla sijamwona yeye. Uji ulimwagika juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa sababu hakuweza kusonga, mkono ulibaki pale chini ya uji. Hakulia. Mdomo haukuweza. Alikuwa akinitazama tu, na mimi nikasimama nikimngoja aamke, kama yule kwenye katuni, mpaka mama akaja mbio na maji.

Mama alikuwa akisema nilikuwa na miaka saba siku ile. Mimi nasema nane na nusu, kwa hivyo nilikuwa na akili ya kutosha. Kovu liko mpaka leo, kutoka kwa kiwiko hadi pale anapovaa saa.

Kutoka siku hiyo niliacha kuchekesha watu, nyumbani na pahali pengine popote. Hakuna mtu aliniambia niache. Niliacha kwa woga.

Sitaki kusema hatukutafuta msaada. Zahanati walisema ni kifafa, wakampa tembe alizomeza miaka miwili bila mabadiliko. Siwalaumu, yule daktari alikuwa na foleni mpaka barabarani, na sisi tulimwambia tu kwamba mtoto anaanguka. Hatukusema kwamba huanguka akicheka. Tuliona aibu. Watu wa kanisa walikuja nyumbani kwa miguu kumwombea, wakati wa mvua kubwa, na mmoja alimkaripia pepo wa usingizi, kwa sababu ndugu yangu pia alikuwa analala sana mchana, hata amesimama. Walikuwa watu wazuri. Haikusaidia.

Alipokuwa mtu mzima alijifundisha mwenyewe. Kitu cha kuchekesha kikianza alikuwa akijiuma ulimi, au kufikiria mazishi ya baba. Aliniambia hiyo mara moja tu. Harusini alikuwa akikaa mlangoni. Mtu akianza hadithi ya kuchekesha yeye anakumbuka kwamba kuna kuni hazijapasuliwa. Wengi walimwona ana madharau. Alioa, akapata watoto, na sijui mkewe alijua lini, sikuuliza.

Mimi niliingia somili, ile ya kupasua mbao, nikiwa kijana, na niko huko mpaka leo. Nieleze kazi kidogo. Msumeno ni wa duara, umetokeza katikati ya meza ya chuma. Upande mmoja anasimama msukumaji, anasukuma gogo kwa msumeno. Upande wa pili anasimama mvutaji, anapokea mbao ikitoka. Mvutaji ni mimi. Wawili hawa wanaangaliana uso kwa uso siku nzima, msumeno ukiwa katikati, na hawawezi kuongea, kwa sababu injini inanguruma hata ukiitwa jina lako sikioni husikii. Tunaongea kwa mikono. Ngumi ni ngoja. Vidole viwili ni mbao ya inchi mbili. Kiganja kikipita shingoni ni zima injini.

Na mahali watu hawawezi kuongea, mzaha wao wote unakuwa wa mwili. Mtu hawezi kutoa hadithi, kwa hivyo anatembea kama bibi ya fulani. Anajifanya amekanyaga msumari. Mmoja anabeba mbao begani na kugeuka nayo, na wa nyuma anajiangusha kabla haijamfikia, miguu juu. Mchana kutwa ni hivyo. Somili ni katuni tupu, sema tu vyuma ni vya kweli.

Mimi sikuwa nacheka wala kuigiza, na wakanipa jina la Jaji. "Jaji, leo umefunga nani?" "Jaji, tabasamu kidogo, hutachajiwa pesa." Niliwaacha waseme.

Mwaka juzi msukumaji wetu aliacha kazi, akaenda Olenguruone kulima viazi kwa shamba la mama yake. Ndugu yangu alikuwa amekaa bila kazi karibu mwaka. Ana kifua kipana na mikono ya kusukuma. Alikuja mwenyewe kwa nyapara wetu, mzee wa kofia ya kitambaa na penseli sikioni, akaomba. Nyapara akamtazama, kisha akanigeukia.

"Jaji, huyu si ni ndugu yako? Anafaa?"

Nimeandika hapa mara tatu sababu za jibu nililotoa, na zote ni za kweli. Hakuwa ameanguka miaka miwili, kwa ninavyojua. Watoto wake walikuwa wamekaa nyumbani kwa kukosa karo. Alikuwa akinitazama. Lakini sababu zikishaandikwa zote, jibu linabaki ni lile lile.

"Anafaa, boss."

Kutoka asubuhi ya kwanza sikupumua vizuri. Alisimama mbele yangu, mikono juu ya gogo, lile kovu likija kwangu na kurudi, kuja na kurudi, hatua moja kutoka kwa meno ya msumeno. Nyuma yake ulikuwa uwanja wote na wale wachekeshaji wote. Yeye aliwapa mgongo, ndivyo msukumaji anavyosimama, na huo mgongo ndio ulikuwa ukimlinda. Mimi ndiye niliona. Niliona mtu akivaa gambuti za mpira kwa mikono na kutembea nazo mezani kama miguu. Niliona watu wawili wakigombania mbao moja, wakizunguka nayo mpaka wanaangushana. Na ndugu yangu alikuwa akiangalia uso wangu, kwa sababu hakuna kingine cha kuangalia. Ningeinua tu mdomo upande mmoja, angejua kuna kitu nyuma yake. Angegeuka.

Kwa hivyo uso wangu haukuwa na ruhusa. Niliushika kama mtu anashika mlango upepo ukisukuma. Jioni taya zilikuwa zikiniuma mpaka sili vizuri. Mke wangu aliniuliza kama nina jino bovu, nikasema ndiyo.

Tuliendelea hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kusema ukweli, katika muda huo hakuanguka kazini hata mara moja. Alikuwa msukumaji mzuri kuliko yule wa kwanza. Wakati wa chakula alikuwa akilala juu ya unga wa mbao, kofia usoni, na wengine wakimruka wakipita. Ningeweza kuzoea. Woga haukupungua hata kidogo, lakini nilikuwa nimeanza kuuona kama sehemu ya kazi, kama ile vumbi.

Halafu ikafika ile Jumanne.

Ilikuwa kabla ya chai ya saa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na uwanja ulikuwa na tope. Tulikuwa na gogo pana la mti wa saipresi, bichi, zito, na msumeno ulikuwa umefika katikati yake. Nilimwona nyapara akitoka ofisini na thamosi ya chai mkononi, akiruka matope kwa heshima, hatua ndogo ndogo, asichafue viatu. Mbele yake kulikuwa na ubao mrefu wa pembeni, ule wenye maganda, umelala juu ya kipande kingine karibu na ncha yake. Alikanyaga ncha moja.

Ncha ya pili iliinuka. Ilimpiga usoni, si kwa nguvu ya kuumiza, lakini kofia iliruka. Nyapara akashangaa. Alisimama wima, akageuka haraka aone ni nani amempiga. Hakukuwa na mtu. Akarudi nyuma hatua moja, kwa hadhi, akakanyaga ubao ule ule tena, na ukampiga kisogoni.

Uwanja wote uliona. Niliona watu wakikunjika, wakishikana. Yule wa kuwasha na kuzima injini aliweka paji la uso juu ya tangi la dizeli, mabega yakimtetemeka. Hakuna sauti, ni ngurumo tu. Na nyapara katikati, ameshikilia thamosi juu isimwagike, akimtafuta adui.

Yule dubu. Ilikuwa kila kitu cha yule dubu, hata kule kugeuka. Miaka zaidi ya thelathini nilikuwa sijamcheka mtu, na kicheko chote kilikuja mara moja. Kilinijia tumboni kama kutapika. Niliuma ndani ya shavu mpaka nikasikia ladha ya damu. Niliangalia lile kovu. Nilifikiria mazishi ya baba, kama ndugu yangu alivyonifundisha, na nikaona tu baba naye akipigwa na ubao. Machozi yakaanza kutoka. Sikucheka, naandika hapa sikucheka, lakini sijui uso wangu ulikuwa unafanya nini, kwa sababu ndugu yangu aliinua nyusi.

Nini? akauliza kwa nyusi.

Nikatikisa kichwa. Hakuna.

Akaanza kugeuza shingo.

Ndipo nikapitisha kiganja shingoni. Zima. Mtu wa injini alikuwa bado amelala kwa tangi lake. Nikapitisha tena, mikono yote miwili. Zima, zima. Ndugu yangu aliona ishara, akasimamisha gogo, akanitazama, na mimi nikafurahi kwa sababu alikuwa amenitazama mimi. Mtu wa injini akainua kichwa, akaona, akazima.

Hapo ndipo nilikosea, na sijui mpaka leo kama kulikuwa na njia nyingine. Injini ikizimwa msumeno hausimami. Unaendelea kuzunguka kwa uzito wake mpaka uchoke. Lakini ngurumo inaisha mara moja. Na ngurumo ilipoisha, kicheko cha watu wote kikasikika, uwanja mzima ukipiga kelele kama soko, na juu yake sauti ya nyapara:

"Nani ameniwekea hii kitu hapa? Nani? Nitafuta mtu kazi leo!"

Ndugu yangu aligeuka. Nyapara alikuwa ameokota kofia kutoka kwenye rundo la unga wa mbao na kuivaa bila kuikung'uta, na unga ulikuwa ukimteremka usoni polepole, mpaka kwenye masharubu.

Niliona mabega ya ndugu yangu. Alijirudisha kwangu, akijiuma ulimi, akijaribu. Taya ikalegea. Alisema "Braz..." na ikaishia hapo. Kichwa kikainama, magoti yakakubali, akaanguka kifudifudi juu ya gogo, uso upande, kuelekea msumeno uliokuwa ukizunguka ndani ya mti.

Kati ya paji lake na meno palikuwa na nafasi kama ya sahani. Sikupima. Ni ninavyoikumbuka.

Ningefanya nini? Nikivuta mbao, gogo linakuja kwangu na yeye juu yake. Nikisukuma, msumeno unaweza kulikamata gogo bichi na kulirusha. Kuzunguka meza ni hatua saba, na kumgusa ni kulitikisa gogo. Kwa hivyo niliinua mikono juu, isiguse kitu. Nikasimama hivyo. Ndio usaidizi niliompa.

Na watu wakapiga makofi. Walidhani ameigiza! "Eeeh, hata huyu! Ameuawa na kofia ya boss!" Mwingine akapiga mluzi. Ndugu yangu alikuwa akinitazama, macho nusu, vile vile kama siku ya uji. Msumeno ulikuwa ukiimba wimbo wake wa kushuka, juu, katikati, chini. Unga mwembamba ulikuwa ukitua juu ya kope zake na hakuweza kuzipepesa. Nilihesabu meno yalipoanza kuonekana moja moja. Halafu ukasimama.

Nikazunguka meza. Makofi yaliisha waliponiona usoni.

Nyapara alikuja, akainama, akanusa mdomo wa ndugu yangu. "Huyu amekunywa. Mlevi hasimami kwa msumeno wangu."

"Si pombe, boss," nikasema. "Ni kicheko."

Mtu mmoja akacheka. Ndipo nikasema yote, mbele ya wote, kuanzia njegere za jirani mpaka ule uji, na kwamba nilijua siku niliposema anafaa. Sidhani nilisema kwa mpangilio. Nyapara alisikiliza mpaka mwisho, unga ukiwa bado kwa masharubu, na hakuna aliyecheka tena.

"Alete karatasi ya daktari," akasema. "Ikisema ni ulevi ama wazimu, aende. Ikisema ni ugonjwa, nitamwangalilia kazi mbali na vyuma. Mimi pia nina watoto." Kisha akanigeukia. "Na wewe Jaji, tutaongea." Hakuwahi kuongea. Bado nangoja.

Ndugu yangu alikuwa ameshasimama. Alisikia kila neno, husikia. Aliniuliza swali moja tu. "Nani alikutuma uwaambie?"

Wiki tatu hakunisemesha. Mkewe alinipa salamu zake, lakini nadhani zilikuwa za mkewe. Na mimi nilikaa nikijiuliza kama nilisema kwa sababu yake ama kwa sababu nilikuwa nimechoka kushika uso.

Siku ya daktari tulienda Nakuru pamoja kwa matatu, bila neno. Alikaa dirishani, mimi nikakaa kando yake. Daktari alikuwa mwanamke kijana, na alifanya kitu ambacho hakuna aliyefanya tangu tukiwa watoto, aliuliza ni wakati gani hasa anaanguka. Nikamjibu. Akaweka kalamu chini.

"Na usingizi wa mchana je?"

Ndugu yangu akamtazama kama mtu aliyesomewa barua yake. "Mwingi," akasema.

Daktari alisema uko ugonjwa wa namna hiyo, una jina refu nililoliandika kiganjani na nimelipoteza. Lakini hakutaka kuandika karatasi kwa maneno yetu tu. "Ningependa kuona. Unaweza kucheka hapa?"

"Siwezi kucheka tu hivi, daktari. Kwa nini nicheke?"

"Kuna mtu huwa anakuchekesha?"

Ndugu yangu akanyoosha kidole bila kunitazama. "Huyo. Zamani."

Mimi nina miaka zaidi ya arobaini. Nilikuwa nimevaa koti la kanisa. Mlango ulikuwa wazi kidogo na foleni ilikuwa inatuona. Na nilikuwa naogopa kuliko siku ya msumeno, kwa sababu siku ile nilikuwa nazuia, na sasa naambiwa nimwangushe ndugu yangu kwa makusudi. Na nisipomwangusha, hakuna karatasi, hakuna kazi.

Nikajaribu dubu. Tumbo mbele, mikono chini, nikazunguka mizani ya kupimia uzito. Magoti yakalia. Nikakanyaga reki isiyokuwepo. Ndugu yangu alikuwa akiangalia kalenda ya ukutani. Daktari alikuwa akinitazama kwa makini sana, kalamu tayari, na hiyo ilizidi kuniua. Nikajaribu kutembea hewani. Mtu wa foleni akakohoa.

Nikasimama katikati ya chumba, jasho linanitoka. Nikawaza, sina kingine. Nina ile ya nyapara.

Ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hakuiona. Aliwapa mgongo. Alichoona ni kofia tu, mwisho kabisa. Wenzake hawakumsimulia kwa sababu waliogopa kumwangusha, na mimi hakuwa ananisemesha.

Nikachukua chupa ya maji ya daktari iwe thamosi. Nikaanza kuruka matope, hatua ndogo ndogo, kwa heshima. Nikakanyaga. Nikapigwa. Nikageuka haraka kumtafuta aliyenipiga, chupa juu isimwagike. Nikarudi nyuma hatua moja, kwa hadhi.

"Ngoja," ndugu yangu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. "Kwani alikanyaga mara mbili?"

"Mara mbili. Ile ile."

"Ile ile?"

"Ile ile, braza. Halafu akasema nani ameniwekea."

Taya ikaanza. Nikaangusha chupa nikaenda kwake, na safari hii sikusimama kungoja. Nilimpata kabla ya sakafu. Alikuwa mzito ajabu, kama gogo bichi, kichwa chake begani mwangu. Daktari alipiga magoti mbele yetu na kinyundo kidogo cha mpira, akamgonga chini ya goti. Mguu haukuruka kama inavyopaswa. Akagonga mara nyingine. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine.

"Sawa," akasema. "Nimeona. Mshikilie tu." Akarudi mezani, akaanza kuandika.

Ndugu yangu aliporudi, mdomo ukiwa bado mzito, alisema sikioni mwangu, "Na kofia?"

"Kaa chini kwanza," nikamwambia.

Nyapara aliipokea ile karatasi, akaisoma mara mbili, akaiweka mfukoni. Sasa ndugu yangu anapanga mbao nyuma ya banda, mahali hakuna vyuma. Anameza dawa alizopewa. Zinapunguza, hazimalizi. Msukumaji wangu wa sasa ni mtu wa kucheka kama radi na haanguki, na bado uso wangu haujajua kwamba umeachiliwa.

Wakati wa chakula ndugu yangu anakuja upande wetu, anakaa juu ya unga wa mbao kabla ya kuniuliza kitu, anaegemeza mgongo vizuri na kuweka sahani mbali.

"Haya," ananiambia. "Leo una ya nani ya kunichekesha?"

Naangalia kwanza msumeno uko wapi. Uko kule, na umezimwa. Naangalia tena.